Waendesha baiskeli, msikiachie kifaa cha njia afya yenu

Na Daktari Wetu

ILIKUWA yapata saa kumi alasiri na mvua ilikuwa ikinyesha kwa nguvu wakati rafiki yangu alipoanza kunijibu kama mtu aliyelewa. Tulikuwa watatu, sote wenye umri wa miaka arobaini na kitu, juu ya kilima katikati ya mashamba ya majani chai kati ya Mogogosiek na Bomet. Nilimwuliza kama amechoka. Akasema baiskeli yake imekataa kumsikiliza. Nikamwuliza tulikula saa ngapi. Akacheka tu.

Kwenye usukani wa baiskeli yangu nilikuwa nimefunga kifaa kidogo cha GPS, kile kinachomwonyesha msafiri mahali alipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti. Kioo chake kilionyesha mshale na maneno machache: Bomet, kilomita 9.

Rafiki yangu huyo ni mwalimu na ana ugonjwa wa kisukari. Asubuhi ile mjini Kericho alimeza tembe zake kama kawaida, akanywa chai na vipande viwili vya mkate. Chakula cha mchana tuliendelea kukiahirisha kwa sababu kila tulipotazama kifaa kilituambia Bomet si mbali. Tangu saa saba tulikuwa tukisema, "Tutakula Bomet."

Ninasimulia kisa hiki kwa ruhusa yake, na kwa aibu kidogo, kwa maana mimi daktari ndiye niliyekuwa kiongozi wa safari. Nakisimulia kwa sababu siku hizi wagonjwa wangu wengi wa mjini wameanza kusafiri kwa baiskeli mwishoni mwa juma, na wengi wao hubeba vifaa kama hivyo. Kifaa ni kizuri, lakini kina mambo kisiyoyajua, na baadhi ya mambo hayo ni ya afya yako.

Mazoezi mema, mahali pema

Kwanza niseme wazi kwamba siwakatazi watu kuendesha baiskeli. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Baiskeli hutimiza kiasi hicho bila kuumiza magoti kama kukimbia. Husaidia kupunguza shinikizo la damu, huufanya mwili utumie sukari vizuri zaidi na huondoa fikira za kazini. Mimi mwenyewe ndiye niliyemshauri mwalimu anunue baiskeli.

Mashamba ya majani chai ya Kericho na Bomet ni mahali pazuri pa mazoezi hayo. Nchi iko juu, mahali pengi ikifikia mita 2,000 au zaidi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo jua halichomi kama pwani. Hewa ni safi. Tena zipo barabara nyingi ndogo za udongo zilizochongwa ili malori yaweze kuchukua majani mabichi na kuyapeleka viwandani. Afadhali baiskeli ipite huko kuliko kwenye barabara kuu. Wakenya hatujasahau tarehe 30 Juni 2023, wakati lori lililopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani, kwenye barabara kuu ya kutoka Kericho kwenda Nakuru, lilipoua watu zaidi ya 50 waliokuwa kando ya barabara.

Lakini barabara hizo ndogo zinafanana mno. Kushoto majani chai, kulia majani chai, mbele mikaratusi, na kila njia panda ni kama ile uliyoiacha nyuma. Mgeni hupotea upesi. Ndiyo maana watu hununua GPS.

Kilomita za ndege

Msomaji ambaye hajakitumia kifaa hiki huenda akauliza kinafanyaje kazi. Angani, karibu kilomita 20,200 juu yetu, kuna setilaiti za Marekani zinazozunguka dunia zikituma mawimbi yenye saa kamili. Kifaa hupokea mawimbi kutoka kwa setilaiti zisizopungua nne, hupima yamechukua muda gani kufika, kisha hukokotoa mahali ulipo. Mtandao huo ulikamilika mwaka wa 1995. Wakati huo raia waliruhusiwa kupata vipimo vilivyopunguzwa makali makusudi, na mtu angeweza kuonyeshwa mahali palipo mita 100 hivi kutoka aliposimama. Kizuizi hicho kiliondolewa mwezi wa Mei mwaka wa 2000. Leo, mahali penye uwazi, kosa huwa ni mita chache tu. Chini ya miti mirefu na ndani ya mabonde yenye kina, kosa huongezeka.

Kifaa basi hakikutudanganya. Bomet ilikuwa kilomita 9 kweli, lakini kwa ndege. Ukikiagiza tu kikuelekeze mahali fulani bila kukiwekea njia ya kufuata, hupima mstari ulionyooka kutoka ulipo hadi uendako.

Hebu tuangalie mfano mkubwa zaidi. Mji wa Kericho uko dakika 22 kusini mwa ikweta, na Bomet uko karibu dakika 47. Tofauti ni dakika 25. Dakika moja ni karibu kilomita 1.85, kwa hiyo mstari ulionyooka kati ya miji hiyo ni kama kilomita 46. Lakini ukifuata lami kupitia Litein, Kapkatet na Kaplong utapita kilomita 60 kabla hujafika.

Ukipita ndani mashambani hali si nafuu, kwa sababu ya jinsi nchi yenyewe ilivyo. Mito ya huku, kama Chemosit, Itare na Kipsonoi, hushuka kutoka msitu wa Mau ikielekea magharibi na hatimaye maji yake huingia katika mto Sondu. Anayesafiri kutoka Kericho kwenda kusini hukata mabonde hayo moja baada ya jingine. Anateremka hadi mtoni, anatafuta daraja, kisha anapanda upande wa pili, na mara nyingi anasukuma baiskeli kwa mikono.

Siku ile mshale ulituelekeza ng'ambo ya bonde. Tulishuka tukiufuata, tukakuta hakuna daraja, ila njia ya miguu na maji yaliyojaa. Ikatubidi tupande tena kilima kilekile, na huko ndiko mwalimu alikomalizia sukari iliyokuwa imebaki mwilini.

Tangu siku hiyo ninatumia hesabu moja ndogo. Kilomita za kifaa huziongeza kwa nusu yake, yaani 9 huwa 13 na kitu. Kisha hukadiria kwamba sisi tusio vijana, katika vilima vya udongo, hatupiti kilomita 8 kwa saa. Kwa hiyo ile "karibu tu" ya kilomita 9 ilikuwa karibu saa mbili za jasho. Kama ningeipiga hesabu hiyo saa saba, tungekula saa saba.

Sukari inaposhuka

Wengi hudhani kwamba hatari ya mwenye kisukari ni sukari kupanda tu. Kwa anayetumia insulini, au tembe za aina ya glibenclamide zinazoisukuma kongosho itoe insulini zaidi, sukari kushuka ni hatari ya haraka zaidi. Dawa inaendelea kufanya kazi, misuli inakula sukari kwa wingi, na tumboni hamna kitu. Anayetumia metformin peke yake hapatwi na hali hii kwa urahisi.

Dalili zake ni kutetemeka, jasho jembamba, moyo kwenda mbio, njaa kali, kuona ukungu, hasira au kicheko kisicho na sababu, na maneno yasiyoeleweka. Juu ya baiskeli dalili hizi hujificha, kwani kila mwendeshaji anatoa jasho na moyo wake unakwenda mbio. Ndiyo maana ni wajibu wa wenzake kusikiliza jinsi anavyozungumza. Mtu akianza kusema ovyo, simamisheni safari palepale. Msingoje kufika.

Matibabu ni rahisi ukiwahi. Mpe sukari vijiko vitatu au vinne vya chai katika maji, chai au maji ya matunda, au soda ya kawaida yenye sukari. Ngoja dakika 15. Kama una kipimo, pima, na ikiwa bado iko chini ya 4, rudia. Akishapata nafuu mpe chakula kinachokaa tumboni, kama mkate, ndizi au viazi, la sivyo sukari itashuka tena. Lakini aliyepoteza fahamu usimtie kitu chochote mdomoni, kwani kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu na utafute msaada haraka.

Sisi hatukuwa na sukari hata chembe. Nilikuwa na kifaa kinachoongea na setilaiti, na mfukoni sikuwa na peremende hata moja.

Tuliokolewa na kogo mmoja, ndivyo Wakipsigis wamwitavyo nyanya, aliyekuwa akirudi kutoka kuchuma majani chai. Alimtazama mwalimu mara moja tu akasema, "Huyu mletee jikoni." Chai ya maziwa ilikuwa jikoni tayari. Nilimwomba aongeze sukari, naye akaongeza bila kuuliza ni ya nini. Baada ya robo saa hivi mwalimu aliinua kichwa akauliza, "Daktari, hapa ni kwa nani?" Sijawahi kufurahia swali la mgonjwa kama nilivyofurahia lile.

Baridi nayo huumiza

Hatari ya pili jioni ile ilikuwa baridi. Watu wa mjini hawaamini kwamba mtu anaweza kuumwa na baridi karibu na ikweta. Lakini Kericho mvua hunyesha siku nyingi za mwaka, mara nyingi baada ya adhuhuri, na mvua ya mawe si jambo geni. Mtu aliyetota anayeteremka kilima kwa kasi hupigwa na upepo unaomnyang'anya joto haraka. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35, akili na viungo huanza kulegea.

Zingatia mambo matatu: vidole vinavyoshindwa kushika breki, ulimi mzito, na kujikwaa. Mtoe mtu huyo mvuani, mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa nguo kavu na kichwa pia, na umpe kinywaji cha moto chenye sukari iwapo anaweza kumeza. Usimpe pombe, kwa maana hufungua mishipa ya ngozi na joto huzidi kutoka. Usimsugue mikono na miguu kwa nguvu.

Utaona kwamba dalili za baridi na za sukari kushuka zinafanana. Ukishindwa kutofautisha, chai ya moto yenye sukari ndani ya nyumba kavu hutibu zote mbili.

"Mko karibu na banda gani?"

Giza lilikuwa likikaribia. Huku kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na baada ya nusu saa huoni njia. Nilimpigia simu jamaa mmoja wa Bomet mwenye gari aina ya pikapu. Mtandao ulikuwa dhaifu, sauti ikipita kwa shida, na ramani ya simuni haikufunguka. Nikaamua kumsomea namba za kifaa: latitudo kadhaa, longitudo kadhaa. Kukawa kimya.

"Daktari," akasema, "hizo namba mimi sizijui. Mko karibu na banda gani la majani chai?"

Sikujua. Kogo alilitaja jina la banda kabla sijamaliza kumtafsiria swali. Pikapu ilifika baada ya dakika kama arobaini.

Hapo nilijifunza jambo ambalo sikuliona katika kitabu chochote cha maelezo ya kifaa. Wakulima wadogo wa huku hupeleka majani yao kwenye mabanda ya kupimia, na kila banda lina jina linalojulikana na wenyeji. Lori la kiwanda hufika hapo. Mahali lori linapofika, ambulensi pia itafika. Kwa hiyo mwendesha baiskeli aliyeumia apelekwe kwenye banda lililo karibu ikiwa anaweza kusogezwa bila madhara, na anayeita msaada alitaje kwa jina.

Aliyeanguka na kuumia shingo, mgongo au kichwa asiinuliwe ovyo. Huyo abaki alipo, afunikwe, na mwenzake ndiye aende bandani kumpokea dereva.

Andaa kifaa kabla ya safari

Kwa wale walio na GPS, au wanaofikiria kununua, naomba myafanye haya mkiwa bado nyumbani.

Hifadhi hospitali. Weka alama za hospitali zilizo karibu na njia yako. Katika eneo hili kuna hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kericho, hospitali za Litein na Kapkatet, ile ya misheni ya Tenwek karibu na Bomet, na Longisa mbele ya Bomet. Hifadhi pia madaraja, na kila banda la majani chai unalolipita, pamoja na jina lake.

Chora njia, usitegemee mshale. Weka njia kamili ya kufuata, ukipitia madarajani. Waulize wenyeji kuihusu. Barabara inaweza kuwa kwenye ramani na huku lango la shamba la kampuni limefungwa, au daraja limechukuliwa na maji. Kuuliza si ujinga. Na shamba la kampuni ni mali ya mtu, omba ruhusa kwa askari wa lango.

Rekodi nyayo zako. Vifaa vingi huweka kumbukumbu ya njia uliyopita. Ukipotea, rudi kwa nyayo zako hadi mahali unapopajua. Njia ya kurudi unajua ina daraja, ya mbele hujui.

Jifunze kusoma namba. Latitudo yaweza kuandikwa kwa dakika au kwa desimali. Dakika 30 kusini ni nusu nyuzi, yaani desimali 0.50. Anayeisoma kama 0.30 atamtuma dereva mahali palipo kilomita 22 kutoka kwako. Taja kila mara ni dakika au desimali.

Linganisha na ramani. Ramani za zamani za Idara ya Upimaji wa Ardhi za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa msingi uitwao Arc 1960, ilhali vifaa huja vikiwa katika msingi wa WGS84. Usipobadilisha, alama yako itakuwa kando kwa mita 300 hivi, na katika nchi hii mita 300 ni ng'ambo ya pili ya mto.

Chunga nishati. Simu nayo ina GPS, na hupokea setilaiti hata pasipo mtandao ikiwa ulihifadhi ramani mapema. Lakini simu ikizimika huwezi kuita mtu. Mimi huacha kifaa kionyeshe njia, na simu huibeba ikiwa imejaa chaji ndani ya mfuko wa plastiki. Namba za dharura ni 999 na 112.

Usikisome ukiendesha. Kwenye mteremko wa udongo uliolowa, sekunde mbili za kutazama kioo zatosha kukutupa mtaroni. Simama, shusha mguu, ndipo usome. Na vaa helmeti.

Jiandae na wewe pia

Kifaa kitaonyesha mwinuko, mwendo na saa ya jua kuzama. Hakitaonyesha sukari yako, shinikizo lako wala maumivu ya kifua unayoyaficha wenzako. Kwa hiyo:

Mwenye kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo amwone daktari wake kabla ya safari ndefu. Huenda kipimo cha dawa kikahitaji kubadilishwa siku ya safari. Usikibadilishe mwenyewe.

Kula kidogo kila saa hata kama huna njaa, na kunywa maji kiasi cha nusu lita kwa saa, zaidi jua likiwaka. Beba sukari au glukosi mfukoni mwako mwenyewe, wala si katika mkoba wa mwenzako aliye mbele.

Ondoka saa moja asubuhi ili uwe umefika kabla ya mvua ya alasiri. Ikifika saa nane na bado hujavuka nusu ya njia, geuka au tafuta gari. Kugeuka si kushindwa.

Wenzako wajue ugonjwa wako, dawa zako na mahali ulipoziweka. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda kilima ni sababu ya kusimama na kwenda hospitalini siku hiyohiyo.

Mwalimu bado anaendesha baiskeli, na vipimo vyake vya sukari sasa ni vizuri kuliko vya mwaka ule. Mwezi uliofuata tulirudi kwa kogo na kilo mbili za sukari na blanketi. Katika kifaa changu nyumba yake ina alama yake, pamoja na jina la lile banda. Ni alama ya kwanza ninayoionyesha mgonjwa yeyote anayekuja kuniuliza anunue GPS ya aina gani. Kisha humwuliza mara ya mwisho alipima sukari na shinikizo la damu lini, na wengi hawakumbuki. Huanzia hapo.

Mwenda pole hajikwai.